Kujitolea: Kutoka Jembe la Elika Hadi Matone ya Polio



Katika mkutano wetu uliopita lilizuka jambo ambalo halikumalizika. Mwenzetu mmoja alisimama akapendekeza kwamba umoja wetu usiishie katika kukutana, kula pilau na kukumbushana viboko vya zamani, bali uwe chama cha kuwahudumia watu wa Kahama, na ikiwezekana hata walio nje ya mipaka ya nchi yetu. Makofi yalikuwa mengi. Kisha akasimama mwingine, akiegemea fimbo yake, akauliza swali moja tu: "Tutamsaidia nani, na ni nani atakayetuuliza baada ya miaka mitano kama kweli tumemsaidia?" Ukumbi ukanyamaza. Bahati njema chai ikaletwa, na swali likabaki mezani pamoja na vikombe.

Mhariri wa jarida letu aliponiomba makala ya historia, niliona afadhali nilichukue swali hilo nilipeleke kwa waliotutangulia. Kujitolea si jambo jipya katika sehemu zetu. Hapa Kahama tumeona vyama vya kujitolea vya aina tatu, na kila kimoja kina funzo lake, na kila kimoja kina kasoro yake. Yafaa tuvitazame kabla hatujaandika katiba ya chetu.

Umoja wa jembe

Wazee wetu walijua kujitolea kabla neno lenyewe halijaingia katika katiba ya chama chochote. Katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Wakiwa wengi huitwa basumba batale. Kazi yake haikuwa kutawala, maana utawala ulikuwa wa ntemi na wazee wake. Kazi yake ilikuwa kuwakusanya vijana pale shamba lilipozidi nguvu za mwenyewe, au nyumba ilipotaka kuezekwa kabla ya mvua. Umoja wa namna hii wa kulima na kucheza ngoma uliitwa elika. Ngoma ya majembe, bugobogobo, ambayo leo twaiona ikichezwa mbele ya wageni wa serikali, asili yake ni huko shambani: mdundo ulikuwa wa kuyapandisha na kuyashusha majembe kwa pamoja, ili mvivu asipate pa kujificha.

Mwenye shamba hakutoa fedha. Alitoa chakula, na zaidi ya hicho alibaki na deni la kurudisha nguvu zamu ya mwenzake ilipofika. Aliyetegea bila sababu alitozwa faini. Ndiyo kusema kwamba kujitolea kwa wazee wetu hakukuwa sadaka ya mwenye nacho kwa asiye nacho. Kulikuwa kubadilishana jasho. Leo mimi kwako, kesho wewe kwangu, na wote twajuana kwa majina ya baba zetu.

Hiyo ndiyo nguvu ya elika, na ndiyo kasoro yake pia. Jembe lake liliishia kwenye mpaka wa kijiji. Mgeni asiyejulikana ukoo wake, au mjane asiye na kijana wa kurudisha zamu, alitegemea huruma ya watu na si haki yake. Tena umoja wa namna hiyo uliwahitaji majirani wa kudumu. Mwaka 1974, Operesheni ya kuhamia vijijini ilipoendeshwa katika Mkoa wa Shinyanga, kaya nyingi zilijikuta mahali papya, zikipakana na watu wasiojuana nao. Kijiji kilikuwepo, jina lilikuwepo, lakini ile hesabu ya zamani ya nani amemlimia nani ilikuwa imevurugika. Kujuana upya kulitaka muda, na kabla muda huo haujapita, balaa nyingine ilifika.

Siafu weusi

Vita vya Uganda vilianza mwaka 1978, na mwaka 1979 majeshi ya Idi Amin yakawa yameshindwa. Vita vikiisha, bunduki haziishi. Silaha zilizozagaa ziliangukia mikononi mwa majambazi, na wakati huohuo hali ya uchumi ilikuwa mbaya: maduka matupu, mafuta ya taabu, magari ya polisi yamesimama kwa kukosa vipuri. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule twakumbuka. Wezi wa ng'ombe hawakuja tena usiku kwa kunyata. Walikuja na bunduki. Familia iliyolala ina ng'ombe arobaini iliamka haina hata ndama.

Hapo ndipo, katika miaka ya mwanzo ya 1980, kwenye vijiji vya mpakani mwa wilaya za Kahama na Shinyanga, watu walipoanza kujikusanya wenyewe. Walijulikana kwa majina mawili. La kwanza ni Basalama, yaani watu wa salama. La pili, ambalo ndilo lililoenea nchi nzima, ni Sungusungu, jina la wadudu weusi jamii ya siafu: mmoja si kitu, lakini wakikuingia kwa wingi utavua nguo njiani bila kuona haya.

Taratibu zao walizitoa katika mambo waliyoyajua. Kiongozi wao aliitwa ntemi, jina la watawala wa zamani ambao mamlaka yao yalikuwa yamefutwa baada ya Uhuru. Walikuwa na katibu na makamanda, kama chama cha kisasa. Silaha zao zilikuwa pinde na mishale, na ishara yao ilikuwa filimbi pamoja na mwano, ule ukelele wa hatari ambao kila mtu aliyezaliwa huku aufahamu. Mwano ukipigwa kijiji hiki, cha pili huupokea, na cha tatu, hata mwizi akajikuta anakimbia kuelekea kwa watu wanaomngoja. Hawakulipwa mshahara. Walichanga wenyewe, na mwizi aliyekamatwa alitozwa ng'ombe. Aliyekaidi alitengwa: haombi moto, hachoti maji pamoja na wenziwe, hazikwi na jirani. Kwa mtu wa kijijini adhabu hiyo ni nzito kuliko jela.

Wizi wa ng'ombe ulipungua sana. Habari zilivuka haraka, na katika muda wa miaka michache Sungusungu walikuwa wameenea Unyamwezi na Usukuma yote na kupita. Baadhi ya wakuu wa serikali waliwatilia shaka, nao walikuwa na sababu: kikundi chenye silaha, chenye ntemi wake, kinachokamata na kuhukumu, kesho kitafanya nini? Wengine walikamatwa na kushitakiwa. Lakini Mwalimu Nyerere na viongozi wa Chama waliona kwamba hawa walikuwa wananchi wanaojilinda wenyewe, wakawaunga mkono. Mwaka 1989 Bunge lilibadili sheria za mgambo, na walinzi wa jadi wakapata nafasi ndani ya sheria.

Ndugu msomaji, hapa ningeweza kukomesha hadithi hii nikajisifu kwamba Kahama iliifundisha nchi ulinzi. Lakini historia isemwe yote. Chama kilichoanza kwa kumsaka mwizi hakikuishia hapo kila mahali. Sehemu nyingine walianza kuwasaka wachawi, na mchawi haonekani akiwa na ng'ombe wa wizi. Huonekana kwa kunong'onezwa. Mara nyingi aliyenong'onezwa alikuwa bibi kizee mwenye macho mekundu. Wekundu huo ulitokana na moshi wa jikoni miaka hamsini, hasa pale kuni zilipokwisha na watu kupikia samadi kavu. Wako waliofukuzwa makwao, na wako waliouawa. Mauaji ya vikongwe katika sehemu zetu hayakuanza na Sungusungu wala hawakuyafanya wao peke yao, lakini katika baadhi ya vijiji filimbi ileile iliyoita watu kuokoa ng'ombe iliwaita pia kumtenga mama wa mtu.

Hata nje ya mipaka jina hilo lilifika. Wakurya wa Tarime walilichukua, na wenzao wa upande wa Kenya pia. Kisii nako, nchini Kenya, vikatokea vikundi vyenye jina la Sungusungu, na baadhi vikashutumiwa kwa kuua watu bila hukumu ya mahakama. Kwa hiyo Kahama ilipeleka ng'ambo mazuri na mabaya katika mfuko mmoja.

Funzo liko wazi. Moyo wa kujitolea peke yake hautoshi. Mtu anayejitolea bila malipo huona kwamba hana wa kumjibu, kwa sababu hakuna aliyemlipa. Hapo ndipo hatari ilipo. Swali la mwenzetu mwenye fimbo, "ni nani atakayetuuliza", lilikuwa na uzito huo.

Gurudumu kutoka Chicago

Chama cha aina ya tatu hakikuzaliwa kwetu. Tarehe 23 Februari 1905, katika jiji la Chicago, Marekani, wakili mmoja jina lake Paul Harris aliwakutanisha rafiki zake watatu. Harris alikuwa amekulia mji mdogo, na katika jiji lile kubwa aliona upweke. Walikubaliana kukutana kwa zamu katika ofisi zao, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na kutokana na kuzunguka huko klabu ikaitwa Rotary. Mwanzoni ilikuwa klabu ya wafanya biashara kusaidiana wao kwa wao, karibu sawa na elika yetu, ila walipeana wateja badala ya kulimiana. Baada ya muda mfupi wakaona kwamba chama kinachojisaidia chenyewe tu hakitaishi. Na kazi yao ya kwanza kwa ajili ya umma, mwaka 1907, je, ilikuwa nini? Kudai vyoo vya umma vijengwe katikati ya jiji. Kumbukeni vyoo hivyo, tutavirudia.

Mwaka 1917, katika jiji lilelile, Melvin Jones alianzisha Lions, na mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, akawaomba Lions wawe watetezi wa wasioona. Ndiyo maana hadi leo jina la Lions hutajwa pamoja na miwani na upasuaji wa mtoto wa jicho.

Rotary ilifika Afrika Mashariki mwaka 1930, klabu ya Nairobi ilipoundwa; ya Dar es Salaam ilifuata mwaka 1949. Tusijidanganye: katika siku za ukoloni hizi hazikuwa klabu za mkulima wa pamba wa Kahama. Mtu alialikwa, hakujiandikisha, na walioalikwa walikuwa wakubwa wa makampuni na wa serikali. Wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama mpaka mahakama kuu ya Marekani ilipotoa uamuzi mwaka 1987 na katiba ya Rotary ikabadilishwa mwaka 1989. Nusu ya watu wenye uwezo wa kujitolea walifungiwa mlango kwa zaidi ya miaka 80. Wakati huo huku kwetu mama mkunga alikuwa akijitolea kila usiku bila beji wala kadi ya uanachama.

Hata hivyo klabu hizo zilibadilika. Mwaka 2003 Jonathan Majiyagbe wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Rotary ya dunia. Jirani yetu Sam Owori wa Uganda alikwisha kuchaguliwa kushika kiti hicho kuanzia mwaka 2018, lakini alifariki Julai 2017 kabla hajakikalia.

Kazi yao kubwa kuliko zote, na inayotugusa sisi, ni polio.

Mwenzetu mwenye fimbo

Wale mliosoma nami mnajua ni nani aliyeuliza swali mkutanoni. Sitamtaja jina kwa sababu ameniomba nisimtaje. Mguu wake mmoja ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe tangu tulipomfahamu kidato cha kwanza. Tulipokimbia mchakamchaka alfajiri yeye alisimama langoni akitufungulia na kutuhesabu. Kwenye mpira alikuwa mwandishi wa magoli. Sisi, kwa ujinga wa utoto, tulidhani amelogwa, na mmoja wetu alimwambia hivyo waziwazi. Alijibu kwamba bibi yake aliyetuhumiwa kumloga ndiye aliyembeba mgongoni kwenda shule kwa miaka miwili. Kesi ikaishia hapo.

Ugonjwa wenyewe hauna uchawi. Kirusi cha polio huingia kwa kinywa, hukaa matumboni, na hutoka pamoja na choo kikubwa. Mahali pasipo na choo, au maji ya kisima yalipochanganyika na uchafu, kirusi hupita kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine bila kelele. Wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote. Lakini karibu mmoja kati ya kila 200 hupooza asipone tena, na katika kila mia waliopooza, watano hadi kumi hufa misuli ya kuvuta pumzi inaposhindwa kazi.

Dawa ya kuuponya haipo. Kinga ipo. Chanjo ya sindano ya Jonas Salk ilitangazwa kuwa salama mwaka 1955, na ya matone ya Albert Sabin ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tena matone ya polio yalikwisha kupita karibu na sisi: mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, huko kwenye mpaka wa Kongo na Burundi ya leo, zaidi ya watu 200,000 walipewa chanjo ya kinywani iliyokuwa bado ya majaribio, kazi ya Hilary Koprowski. Kati ya Ruzizi na Kahama si mbali kwa ndege. Lakini chanjo haiendi kwa ndege hadi mlangoni kwa mtu. Mwenzetu alizaliwa miaka ya 1950, akaugua, na matone hayakumfikia. Mpango wa taifa wa chanjo kwa watoto ulianza Tanzania mwaka 1975, naye alikwisha kuwa mtu mzima.

Mwaka 1979 rais wa Rotary wa wakati ule, James Bomar, alitia matone ya kwanza kinywani mwa mtoto huko Ufilipino, katika mpango wa kuwachanja watoto milioni 6 wa nchi hiyo. Kutokana na mafanikio hayo, mwaka 1985 Rotary ilitangaza mpango wa PolioPlus na kuahidi kukusanya dola za Marekani milioni 120. Kufikia mwaka 1988 wanachama wao duniani walikuwa wamekusanya milioni 247. Mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia ukaazimia kuitokomeza polio ifikapo mwaka 2000. Wakati huo ugonjwa ulikuwa ukiwapooza watoto wapatao 350,000 kila mwaka katika nchi zaidi ya 125.

Mwaka 2000 ulifika na polio ilikuwa bado ipo. Hili nalo lisemwe. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko muda. Mwaka 1996 Nelson Mandela alizindua kampeni ya kuipiga teke polio itoke Afrika, na mwaka huohuo ndipo kilipoonekana kisa cha mwisho cha kirusi cha asili hapa Tanzania. Lakini mwaka 2003, huko Kano, Nigeria, uvumi ulienea kwamba chanjo inafunga uzazi, ikasimamishwa kwa miezi mingi, na kirusi kikasafiri kutoka huko mpaka nchi nyingi zilizokuwa zimekwisha kuwa safi. Fedha zilikuwepo, matone yalikuwepo. Kilichokosekana ni imani, na imani hainunuliwi kwa dola. Ilirudishwa na wazee, mashehe na akina mama wa Nigeria wenyewe, mlango kwa mlango. Tanzania ilithibitishwa kuwa imeondokana na polio mwaka 2015, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika nzima ikatangazwa kuwa haina tena kirusi cha asili.

Nataka vijana mlishike jambo moja hapa. Tone lenyewe ni rahisi na fedha zake hutoka mbali. Lakini tone lazima likae kwenye baridi tangu bohari kuu mpaka kinywani. Kwa hiyo yuko mtu aliyelibeba katika chombo cha barafu, kwa baiskeli au kwa miguu, akivuka mbuga wakati wa masika. Yuko balozi wa nyumba kumi aliyejua ni nyumba ipi ina mtoto mchanga. Yuko mwalimu aliyewapanga watoto foleni, na mama aliyekubali kumfungua mtoto mgongoni. Klabu ya Chicago isingalifika Ushetu wala Msalala bila hao. Na hao, kwa moyo wote walio nao, wasingalikuwa na tone la kumpa mtoto bila mchango wa mtu wa mbali asiyewajua. Kila upande ulikuwa na nusu ya daraja.

Kahama ya leo

Je, kazi imekwisha? Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto wa kike wa Lilongwe amepooza kwa kirusi cha asili chenye chimbuko Pakistan. Msumbiji nako kikaonekana. Nchi yetu ikalazimika kuwachanja tena watoto mwaka huo. Mwaka 2023 Mkoa wa Rukwa ulipatikana na kisa cha aina nyingine, ile inayozuka pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, na kirusi dhaifu cha kwenye matone kikazunguka muda mrefu hata kikabadilika na kupata nguvu. Dawa ya hali hiyo ni ileile: kila mtoto achanjwe, na kila nyumba iwe na choo. Hadi ninapoandika haya, nchi ambazo kirusi cha asili hakijawahi kukatika ni Afghanistan na Pakistan tu.

Kahama si pembe ya dunia tena. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ilituachia stesheni ya Isaka, na kutoka hapo barabara huenda Rwanda na Burundi. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo kwa malaki kuingia Ngara, chakula chao kilipita kwenye njia hiyohiyo. Dhahabu ya Bulyanhulu tangu mwaka 2001, na ya Buzwagi kuanzia mwaka 2009, ilileta watu kutoka kila mkoa. Uchimbaji wa Buzwagi umekwisha, lakini watu wamebaki, na machimbo ya wachimbaji wadogo huhama kama kambi. Mtoto aliyezaliwa kambini leo, kesho yuko Geita, keshokutwa yuko Mbogwe. Kadi yake ya kliniki ilibaki wapi? Balozi gani anamjua? Huyo ndiye mgeni ambaye elika ya zamani haikuwa na zamu yake. Kwetu sisi wa Kahama, nyumbani na ng'ambo vinakutana stendi ya basi.

Tufanye nini

Kwa hiyo, ndugu zangu, najibu swali la mezani kwa kadiri ya uwezo wangu.

Tumsaidie nani? Tuanze na yule ambaye hayumo katika hesabu ya mtu yeyote. Napendekeza kazi mbili tu, wala zisizidi. Kwanza, vyoo na maji ya kunawia katika shule moja ya msingi kila mwaka, tukianza na zilizo karibu na machimbo. Kama watu wa Chicago hawakuona haya kuanza na choo, nasi tusione haya. Pili, siku za chanjo zikitangazwa, wanafunzi wa shule yetu, wakiwa chini ya wauguzi na uongozi wa kata, waende kambini kuandika majina ya watoto na kuwaeleza wazazi. Hapo mkono wetu utakuwa umefika nje ya mipaka bila pasi ya kusafiria, maana mtoto aliyechanjwa Kahama hampelekei ugonjwa mtoto wa Burundi wala wa Rwanda.

Nani atatuuliza? Tuandike katika katiba kwamba kila mwaka, katika mkutano huu, daftari la mapato na matumizi lisomwe kwa sauti, shilingi kwa shilingi, mbele ya wanafunzi, nao wawe na ruhusa ya kuuliza. Mwalimu mkuu na wazazi wa shule iliyosaidiwa waalikwe, si kuja kushukuru, bali kusema kama choo kinafanya kazi au kimekuwa ghala. Na tuapishane kwamba chama chetu hakitamtenga wala kumhukumu mtu. Kahama imekwisha kuona filimbi inavyoweza kubadilika.

Niliposoma rasimu hii kwa mwenzetu mwenye fimbo, alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimesahau jambo moja: kwamba vyoo hivyo vijengwe kiasi cha mtu wa fimbo kuweza kuingia na kutoka bila kushikwa mkono. Nimeliongeza. Na yeye nimempendekeza awe mtunza daftari, kwa kuwa tangu kidato cha kwanza ndiye aliyekuwa akituhesabu langoni, na hatukuwahi kumdanganya.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tukutane Desemba, kila mmoja na mchango wake, tuanze.